Mpira wa Chini wa Rejeta

Asubuhi nilipoliona lile doa la maji chini ya gari, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimi na yeye tulikuwa tumeshaacha kuzungumza habari za kujifungua. Tulizizunguka tu. Mimba ya kwanza ilituponyoka ikiwa imekomaa. Siku ile tulichelewa kupata usafiri, tukasimama barabarani hapa Nzuguni, pembezoni mwa mji, na begi na kanga mpya, na tulipofika hospitali daktari alisikiliza tumbo kwa muda mrefu, kisha akamwita mwenzake naye asikilize. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Mimba ya pili ilipoingia, daktari alituambia mke wangu atajifungua kwa upasuaji, na kwamba uchungu ukianza kabla ya siku tuliyopangiwa, tusikae nyumbani hata kidogo. Tukanunua gari kwa sababu hiyo moja tu. Lilikuwa dogo na la zamani, limepita kwenye mikono ya watu wengi, lakini mimi nililihesabu kama sehemu ya hospitali. Jioni nikitoka kazini nilikuwa naliwasha hata kama hatuendi popote, nisikie tu kama linawaka.

Doa lenyewe lilikuwa dogo kama sahani, upande wa kulia mbele. Nilichutama nikachovya kidole. Yalikuwa maji ya kijani kijani, yenye utelezi kidogo, si ya bomba wala ya mvua. Nikafungua boneti, nikaongeza maji kwenye rejeta, nikalifuta lile doa kwa soli ya kiatu ili mke wangu asilione. Kesho yake lilirudi, likiwa kubwa zaidi. Nikaongeza tena, nikafuta tena. Nilijiambia kwamba gari la zamani haliwezi kukosa kuvuja, lakini usingizini nilianza kusikia tone, tone, tone, na nikiamka kulikuwa kimya.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wangu alifika kutoka Kondoa, kuja kumsubiri mjukuu. Lazima nimweleze kidogo. Mimi ni mtu wa Mpwapwa, nimelelewa kanisani. Mke wangu ni binti wa Kiislamu, na ndoa yetu tuliifunga bomani. Mama mkwe hakuwahi kunitamkia neno baya kwa ajili ya jambo hilo. Hakuwahi kunitamkia mengi pia. Nilikuwa namwamkia kutoka mlangoni, "Shikamoo mama," naye anajibu, "Marahaba, baba," macho yako chini kwenye mkeka. Akiwa sebuleni mimi nilikaa chumbani, akitoka uani mimi niliingia ndani. Nilikuwa namwogopa, kusema kweli. Nilikuwa na hakika kwamba mimba ya kwanza ilipotuponyoka, mahali fulani moyoni mwake alinitaja mimi.

Siku ya kliniki nilimpeleka mke wangu mjini, na wakati wa kurudi, jua likiwa kali, foleni ikasimama. Nilitazama dashibodi bila kufikiri. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati, ulikuwa umepanda. Nikazima redio kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa inaichemsha injini. Mshale ukapanda tena.

"Kuna nini?" mke wangu akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona unatoka jasho?"

Kabla sijajibu, mvuke ulianza kutoka pembeni mwa boneti, mweupe, na harufu tamu tamu kama ya dawa ya kikohozi ikaingia ndani. Nikasogeza gari kando ya barabara, nikazima, nikamtoa mke wangu na kumkalisha mbali kidogo kwenye kivuli cha kibanda kilichofungwa. Kisha nikafungua boneti, nikashika kitambaa, nikapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Acha," akasema. Hakupaza sauti. "Jirani yetu pale tulipokaa zamani aliungua uso hivyo hivyo. Acha lipoe."

Tulikaa. Magari yalipita, vumbi likatushukia. Yeye alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu: ingekuwa leo ndiyo siku yenyewe, tungekuwa tumekaa hapa hapa, tena. Nadhani naye alikuwa anafikiri hivyo. Tulisubiri mpaka bati la boneti likapoa kiasi cha kushikika. Nikamimina maji ya kunywa tuliyokuwa nayo, tukarudi polepole, macho yangu zaidi kwenye mshale kuliko barabarani.

Nyumbani nilimpigia fundi wetu. Alikuwa msibani, mbali, na hakujua atarudi lini.

"Bosi, usiliendeshe hivyo," akaniambia. "Ukiendesha bila maji unaua injini. Tafuta kwanza panapovuja. Kausha kila kitu, tandika boksi chini, subiri uone tone linadondokea wapi, halafu fuata juu kwa tochi."

Mimi ni mtu wa ofisini. Kazi yangu ni kushinda mbele ya kompyuta, na kwenye gari nilikuwa nimewahi kubadilisha taa na tairi, basi. Lakini nilitandika boksi, na Jumamosi asubuhi nikakuta limelowa mahali pamoja, mduara mweusi. Nikalala kifudifudi, nikamulika. Kutoka chini ya rejeta unatoka mpira mnene kama mkono wa mtoto, unaorudisha maji kwenye injini. Pale klipu inapoubana, mpira ulikuwa umepasuka, na kila baada ya muda tone lilijikusanya kwenye ufa, likaning'inia, likadondoka. Ni kitu kidogo sana. Nilikiangalia kwa chuki, kisha nikahisi hata nafuu, maana angalau sasa nilijua ni kipi.

Nikachukua bajaji hadi mjini, nikazunguka maduka ya vipuri karibu na soko la Majengo na picha ya mpira kwenye simu, nikapata mpya na klipu zake. Niliporudi jua lilikuwa limepanda. Video niliyoitazama ilionyesha kwamba kwenye gari letu njia rahisi ni kunyanyua upande wa kulia, kutoa tairi la mbele, halafu kuingia chini na kupenyeza mkono. Nikaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Jeki nikaisimamisha kwenye udongo mtupu wa uani. Udongo wa hapa ukikauka unaweza kudhani ni saruji, na mimi nilidhani hivyo. Nikatoa tairi nikalilaza kando. Nikaweka beseni chini ya rejeta, nikalegeza kizibo, maji yakaanza kutoka.

Beseni lilijaa upesi kuliko nilivyotarajia. Nikakimbilia ndoo, na wakati naibadilisha maji mengine yalimwagika. Sikuyajali. Yalikuwa ni maji tu, na uwanja wetu una mteremko kidogo. Sikutazama yanateremkia wapi.

Nilikuwa nimevua shati, nimebaki na fulana, niko tayari kuingia chini, mama mkwe alipotoka na birika kwenda bombani kutia udhu. Nikajisikia vibaya kuonekana vile. Nikasimama, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikamwamkia. Akaitikia. Lakini safari hii hakupita. Alisimama akiliangalia gari lililoinama upande mmoja.

"Baba," akasema, "hicho chuma kimoja ndicho kinachobeba gari lote hili?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi yake."

"Na wewe unaingia chini?"

"Nusu tu. Mikono na kifua."

Alitia udhu bila haraka. Nikamsubiri aende ndani ili nilale chini bila aibu. Badala yake aliweka birika chini, akaliinamia lile tairi nililolitoa, akalisukuma kwa mikono na kulimalizia kwa mguu mpaka likaingia chini ya gari, likalala bapa chini ya ukingo wa mlango wa dereva.

"Litanibana mkono, mama," nikasema kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Liache hapo. Niswali nikiwa na amani."

Nisingeweza kubishana naye. Alipoingia ndani nililitazama lile tairi, nikafikiria kulivuta nje kisha kulirudisha kabla hajamaliza. Niliona uvivu tu. Hakuna sababu nyingine.

Nikalala chali, nikajisukuma kwa visigino mpaka kichwa na kifua vikawa chini ya injini. Huko chini kuna giza hata mchana, na harufu ya vumbi lililokaangwa kwenye grisi. Klipu ya zamani ilikuwa imeshika kutu. Niliihangaikia kwa bisibisi mpaka ikaachia, lakini mpira wenyewe ulikuwa umegandia kwenye bomba lake. Nikaushika kwa mikono miwili nikausokota. Haukutoka. Nikausokota tena, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na gari likatikisika kidogo pamoja nami. Mpira ukachomoka. Maji yaliyobaki yakanimwagikia kifuani, na wakati huohuo nikasikia sauti ndogo ya kukwaruza, chuma kwenye udongo uliolowa.

Nilijua ni nini. Sikupata hata muda wa kukunja miguu. Mwanga ule wa pembeni ulipungua kama mlango unapofungwa, kikaja kishindo, na bati zito la chini ya injini likanikandamiza bega la kulia na juu ya kifua.

Gari halikufika chini. Lilikaa juu ya tairi. Hilo nililielewa baadaye. Wakati ule nilielewa tu kwamba siwezi kuvuta pumzi. Nilipanua mdomo na hewa haikuingia. Kisha ikaingia kidogo, ya juu juu, kama anavyopumua kuku mgonjwa. Tone la maji kutoka kwenye bomba lililo wazi lilikuwa linanidondokea shingoni. Nilitaka kuita na sauti haikutoka, na hofu niliyoipata hapo siwezi kuifananisha na nyingine. Haikuwa hofu ya kufa hasa. Niliogopa kwamba mke wangu atatoka, ataniona, na atajaribu kulinyanyua gari.

Na kweli alitoka. Niliona miguu yake, niliona ndala moja ikimvuka, nikasikia ameshika bodi ya gari na anavuta pumzi ya kunyanyua.

"Usiguse." Ilikuwa sauti ya mama yake. "Wewe usiguse kitu. Kaa chini. Mshike mguu wake. Ukiona umelegea, niite."

Kisha mama mkwe akalala kifudifudi kwenye udongo ule ule uliolowa, na kanga yake ya kuswalia ikiwa bado kichwani, akaingiza uso chini ya gari. Miaka yote ile hatukuwa tumewahi kutazamana. Sasa uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kuona vumbi kwenye kope zake.

"Baba, unanisikia?"

Nikafumba macho na kufumbua.

"Unapumua?"

"Kidogo," nikasema.

"Basi pumua hicho hicho kidogo. Usiongee. Usijivute. Nakwenda kuita watu, narudi sasa hivi."

Akaondoka. Mkono wa mke wangu ulikuwa umezunguka kifundo cha mguu wangu, umebana kweli kweli. Alikuwa anasema maneno ambayo sikuyasikia vizuri, nadhani alikuwa anasoma dua. Chungu alitembea kwenye shavu langu mpaka karibu na jicho na sikuweza kumfukuza. Kila nilipovuta pumzi nilihisi kama gari limeshuka tena unywele mmoja, na sikujua kama ni kweli au ni mwili wangu unaolegea. Nilihesabu pumzi, nikapotea, nikaanza upya.

Mbele ya nyumba yetu kuna nyumba inajengwa. Mama mkwe aliwatoa mafundi ujenzi kwenye kiunzi na mikono yao ya saruji, akaja nao mbio. Nilisikia wakishauriana kwa sauti za chini. Mmoja akasema, "Sisi tunanyanyua pamoja, nyie mvuteni tukisema." Gari likapanda, mwanga ukarudi, na nilivutwa kwa miguu juu ya mchanga mpaka jua likanipiga usoni. Aliyekuwa ameshika mguu wangu wa kushoto alikuwa mama mkwe.

Wakanikalisha ukutani. Bega lilikuwa linavimba lakini vidole vilichezacheza vyote. Mafundi walikuwa wananipa pole, mmoja ananionyesha shimo ambalo mguu wa jeki ulijichimbia kwenye tope, pale maji yangu yalipokuwa yametuama. Nilikuwa naanza kuamini kwamba yamekwisha, ndipo mke wangu, aliyekaa chini pembeni yangu, akasema polepole, kama anayeuliza kitu cha kawaida:

"Hajacheza."

"Nani?"

"Mtoto. Tangu kile kishindo, hajacheza."

Mama yake aligeuka. Mmoja wa mafundi alikwishakimbia barabarani, akarudi na bajaji. Tukapanda watatu, mama mkwe katikati, amempakata binti yake kichwa begani, na mkono wake mwingine umekamata mkono wangu mzima. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya siku kama hiyo tuliliacha uani limelala ubavu juu ya tairi. Njiani nilimtazama dereva mgongoni na kuomba, sijui nilimwomba nani, kwamba foleni isisimame.

Muuguzi alimlaza, akampaka mafuta tumboni, akaweka kile kifaa cha kusikilizia. Kikakwaruza. Akakihamisha upande mwingine. Kikakwaruza. Mke wangu alikuwa anatazama dari, na mimi nilimwelewa yule muuguzi kwa namna alivyonyamaza, kwa sababu niliwahi kuusikia ukimya ule. Mama mkwe alitoka nje ya pazia. Muuguzi akabonyeza kwa chini kidogo, upande wa kushoto, na chumba kikajaa mlio wa haraka, kama mtu anayekimbia kwa miguu mitupu.

"Huyu hapa," akasema. "Alijificha tu."

Kisha akaniangalia mimi, fulana ya tope, bega limevimba. "Na wewe baba, umepatwa na nini?"

Bega halikuwa limevunjika. Walitupa ruhusa turudi, wakatusisitizia kwamba mtoto akipunguza kucheza tena, au uchungu ukianza, tuje hapo hapo. Usiku huo sikulala, na kesho yake asubuhi nilitoka uani nikalitazama gari. Ningeweza kumsubiri fundi. Lakini hakuna aliyejua atarudi lini, na sikuweza kuvumilia saa nyingine gari likiwa limefunguliwa vile.

Mama mkwe alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameomba kwa wale mafundi vipande vya mbao nene, vile vya kukanyagia, na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki. Tulilinyanyua gari pamoja, nikiwa natumia mkono mmoja zaidi kuliko mwingine. Alipanga mbao mwenyewe, akarudisha na tairi pale pale, kisha akaliegemea gari na kulisukuma kwa mwili wake wote aone kama litatikisika. Halikutikisika.

Nikalala chali. Nikasukuma kisigino kimoja, na mwili ukakataa. Nilijiondoa, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikatapika chai yote. Niliporudi, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na nafasi ya tairi.

"Si lazima leo," akasema.

"Ni lazima, mama."

"Basi ingia, lakini uwe unaongea. Nataka nisikie sauti yako muda wote."

Sikujua naongea nini na mama mkwe wangu. Nikaanza kumweleza mikono yangu inafanya nini. "Sasa nasafisha bomba kwa kitambaa. Sasa navisha klipu kwenye mpira kabla ya kuuingiza."

"Klipu ndiyo nini?"

"Ni kama bangili. Ina skurubu ya kuibana."

"Ehe."

"Mpira unaingia. Umeingia upande wa injini. Bado huku kwenye rejeta." Nikanyamaza, kwa sababu mbao moja ililia kidogo.

"Ongea," akasema haraka.

"Niko hapa, mama. Umeingia. Nabana bangili."

"Ibane sana."

"Ikibanwa sana inakata mpira."

"Basi ibane kiasi."

Nilipotoka alinishika mkono kunisimamisha. Tulifunga tairi, tukashusha gari, nikamimina maji taratibu mpaka yakajaa, nikaliwasha kifuniko kikiwa wazi ili hewa itoke, nikaongeza kila yalipopungua. Nikafunga, nikaliacha lingurume mpaka feni ikajiwasha yenyewe. Mshale ulikaa katikati. Boksi tulilolitandika chini lilikaa kavu mchana kutwa. Nililikagua mara nyingi mno, nikapapasa kwa kiganja, nikidhani macho yananidanganya.

Uchungu ulianza kabla ya siku iliyopangwa, mchana, nikiwa kazini. Nilirudi nikawakuta wamesimama mlangoni na begi. Safari ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kuendesha, ingawa ni hapa hapa mjini. Mke wangu alikuwa amelala ubavu nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Kila nilipofunga breki nilitazama mshale, na kila nilipoutazama ulikuwa palepale, na bado sikuuamini. Walimpokea, wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakanifungia mlango usoni. Nilikaa kwenye benchi na mama mkwe. Tulipomsikia mtoto analia, hakuna aliyemwangalia mwenzake, kwa sababu hatukuwa na hakika kama ni wetu.

Alikuwa wetu. Ni msichana.

Mtoto alipopata nguvu nilimrudisha mama mkwe kwao Kondoa kwa gari lile lile. Njiani, tulipoanza kuiona milima ya kwao, alisema akiwa anatazama dirishani, "Mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Nilidhani huniheshimu, ndiyo maana kila nikikaa unaondoka."

Nikamwambia na mimi nilikuwa namwogopa.

"Sasa tungejuaje," akasema.

Siku hizi maji nakagua mwenyewe kila Jumamosi, injini ikiwa baridi, nimesimama kwa miguu yangu. Mpira wa juu nimewahi kuubadilisha, klipu pia. Lakini kazi yoyote ya kuingia chini napeleka gereji, na fundi akilala chini ya gari langu mimi huondoka, nakwenda kusimama barabarani mpaka anipigie simu.